Mashine Haioni Kitu, Heshimuni Mkono Uliokata Tishu

Watu wangu, kuna hii video inazunguka na karibu nyote mmenitumia. Ubongo wa panya umekatwa mwembamba, mwanga unapita juu yake, halafu ghafla skrini inajaa rangi. Nyekundu pembeni, kijani katikati, buluu huko nyuma. Sauti nzito inasema mashine hii inaona kila protini mahali ilipo. Halafu inamaliza na yale maneno ya siku hizi, ati akili bandia ikishikana na hii mashine, watu wa maabara watafute kazi ingine.

Hapo ndio tulikosana.

Sina shida na picha. Picha ni tamu, hata mimi niliirudia mara tatu. Shida yangu ni kwamba video inaanza tishu ikiwa tayari imeingia kwa mashine. Hiyo ni kama kuonyesha chapati ikiwa kwa sahani halafu unasifu sahani. Nani alikanda? Nani aliangalia moto? Nani alijua saa ya kugeuza? Kazi yote ambayo inaamua kama picha ile ni ya kweli ama ni uongo uliopakwa rangi ilifanyika kabla leza haijawashwa, na ilifanywa na mtu ambaye hamkumuona hata kiganja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Nikisema tishu sizungumzii ile ya kupangusa mkono baada ya nyama choma. Nazungumzia kipande cha mwili: cha ini, cha titi, cha umio, cha ubongo wa panya. Na mashine yenyewe inaitwa spektromita ya masi. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli. Leza inapiga nukta moja kwenye tishu, molekuli zinaruka zikiwa na chaji ya umeme, zinasukumwa ndani ya bomba lisilo na hewa. Zote zimepewa nguvu ile ile, lakini nyepesi zinafika mbele na nzito zinachelewa. Sukuma baiskeli na mkokoteni kwa nguvu moja uone nani atatangulia. Ukijua muda, unajua uzito. Leza inasonga hatua ndogo, labda maikromita 50, ambayo haifiki upana wa unywele wako, inapiga tena. Maelfu ya nukta. Kompyuta inachagua uzito mmoja, inapaka rangi kila mahali ulipopatikana, na hiyo ndiyo picha mliyonitumia. Richard Caprioli na wenzake huko Marekani ndio walichapisha njia hii ya kupiga picha protini mwaka wa 1997. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kujua mapema unatafuta protini gani. Fiti kabisa.

Sasa sikieni mahali video ilinyamaza.

Daktari akishakata kipande, damu inakoma kukifikia. Lakini seli hazijui zimetolewa. Zinaendelea kupambana kwa muda zikikosa oksijeni, na enzaimu ambazo zilikuwa zimefungiwa zinatoka na kuanza kukata protini vipande vipande. Tishu inaanza kujila yenyewe. Kila dakika inayokaa kwa trei ya chuma, protini uliyotaka kuona inapungua, na vipande ambavyo havikuwa kwa mwili wa mgonjwa vinajitokeza. Na mashine itaviona hivyo vipande vizuri sana! Itavipa rangi. Itakuletea picha safi kabisa ya kitu kilichotokea kwa trei.

Kwa hivyo mtu anagandisha haraka. Wale wa sinema wanafikiria unatupa tu kwa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, moshi mweupe, muziki. Ukitupa hivyo tishu inaweza kupasuka. Tena nitrojeni ikigusa kitu chenye joto inachemka, na mvuke unakizunguka kile kitu kama blanketi, sasa baridi inaingia upande huu haraka na upande ule polepole. Umeona tone la maji likicheza juu ya kikaango cha moto badala ya kukauka mara moja? Ni jambo lile lile. Anayejua kazi anaweka tishu juu ya foili ya alumini, anaielea taratibu, ama anatumia isopentani iliyopozwa, ambayo haichemki hivyo. Kwa nini haraka? Kwa sababu ikiganda polepole maji yanafanya barafu zenye ncha kubwa, na hizo zinatoboa seli. Nyama ya friji ikiyeyuka inaacha maji mekundu kwa sahani, si ndio? Hayo maji yalikuwa ndani ya seli. Sasa fikiria unataka kujua protini fulani ilikuwa upande gani wa uvimbe, na tayari imetembea.

Kutoka hapo tishu inakaa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Stima ikipotea na jenereta ikose mafuta, ikiyeyuka na kuganda tena, kwa macho bado inakaa nyama. Hakuna taa nyekundu inawaka juu yake kusema nimeharibika. Ni yule mtu wa maabara aliyeandika kwa daftari saa ngapi stima ilienda ndiye anajua. Hakuna mwingine.

Halafu kukata. Hapa ndio napenda kuliko kote, kwa hivyo nivumilieni.

Kuna kitu kinaitwa krayostati. Ni friji iliyo na kisu ndani, karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Unakata kipande chenye unene wa maikromita 10 ama 12. Unywele wa kichwa ni kama 70. Chembe nyekundu moja ya damu ni kama 7 au 8. Yaani unakata kitu chenye unene wa karibu seli moja, mkono wako ukiwa ndani ya baridi, unakishika na brashi ndogo ya kuchora, unakilaza bila kukikunja. Ukipumua vibaya kinapeperuka. Kikijikunja, mahali pa mkunjo kuna tishu mara mbili, na mashine itaonyesha pale ati kuna protini nyingi. Msee wa mbali ataandika ni ugonjwa. Ni mkunjo tu.

Na kila tishu iko na tabia yake. Ini linakubali. Titi, kwa sababu ya mafuta, linasumbua, linataka baridi zaidi la sivyo linajipaka kwa kisu kama Blue Band. Hii haiko kwa kitabu ukasoma usiku mmoja. Iko kwa mkono.

Kisha kuna mtego wa gundi. Kwenye maabara nyingi za kuangalia tishu kwa darubini, watu huzamisha kipande ndani ya gundi fulani wanayoiita OCT ili kikatike vizuri. Kwa darubini hakuna neno. Kwa spektromita ni balaa, kwa sababu gundi hiyo ni polima, na polima zinaruka vizuri sana chini ya leza. Zinafunika protini vile spika ya matatu hufunika simu ya mathe. Kwa hivyo anayejua anashikisha tishu kwa tone la maji linaloganda, ama anapaka gundi chini kabisa mahali kisu hakitafika. Tone moja la kitu cha kawaida mahali pabaya, na mashine ya mamilioni ya pesa inakuchorea ramani ya gundi.

Kile kipande kinawekwa juu ya glasi maalum, iliyopakwa oksidi ya indiamu na bati ili ipitishe umeme na bado uone kupitia. Unajua kinashikaje? Unaweka kidole nyuma ya glasi. Joto la kidole linayeyusha, kinashika. Kidole cha mtu! Halafu kinakaushwa kwa ombwe haraka, kwa sababu ukikitoa tu kwa baridi, unyevu wa hewa unatua juu yake vile miwani hupata ukungu, na protini zinaanza kuogelea.

Kuosha pia si kumwaga maji. Tishu imejaa chumvi na mafuta, na hivyo vitu vinanyamazisha protini. Basi unaitumbukiza kwa ethanoli ya asilimia 70, nusu dakika. Ethanoli safi, nusu dakika. Halafu mchanganyiko wa Carnoy, yaani ethanoli sehemu 60, klorofomu 30, asidi ya siki 10, kama dakika mbili, huo unabeba mafuta. Ethanoli tena. Kisha maji, lakini maji ni kugusa tu, kwa sababu protini zingine zinayeyuka kwa maji na zitakuacha. Ukiosha kidogo, damu iliyobaki itakupigia kelele: himoglobini inatokea kwa uzito wa 15,126 na 15,867, minara miwili mirefu, na kila kitu kingine kinakaa nyasi. Ukiosha sana, umefua protini pamoja na uchafu. Katikati ya hayo mawili kuna sekunde chache, na mtu amesimama pale na saa.

Sasa tufike kwa matriksi, kwa sababu hapa ndipo hoja yenu ya kuabudu mashine inakufa kabisa.

Leza ikipiga protini hivi hivi, inaichoma. Protini ni kubwa, haitaki kuruka. Kwa hivyo unaipaka kemikali inayomeza mwanga wa leza kwa niaba yake na kuibeba juu polepole. Hiyo ndiyo matriksi. Kwa protini nzima wengi hutumia asidi ya sinapiki. Inanyunyizwa kama ukungu juu ya tishu, imeyeyushwa kwa asetonitrili na maji na asidi kidogo. Ukungu ukilowesha sana, protini zinatambaa kutoka mahali pake na ramani yako imekuwa uji. Ukungu ukiwa mkavu sana, kioevu hakiingii ndani kuzitoa, na picha inakuwa tupu. Fuwele za matriksi zikiwa kubwa kuliko nukta za leza, basi sahau mambo ya picha kali. Unaweza kununua leza yenye ncha kali kuliko zote duniani, ukungu wako ukiwa mbaya picha itakuwa mbaya kama ukungu.

Na sasa stori ya Koichi Tanaka. Huyu Mjapani alikuwa mhandisi wa umeme, digrii moja tu, hana udaktari wa falsafa, ameajiriwa na kampuni ya Shimadzu kule Kyoto. Katikati ya miaka ya 80 kila mtu alisema protini kubwa haiwezi kurushwa na leza bila kusambaratika. Siku moja Tanaka alikuwa anachanganya unga laini sana wa kobalti, akamimina gliserini badala ya kioevu alichokusudia. Unga ulikuwa ghali, akaona ni hasara kuutupa, akaupima hivyo hivyo. Na molekuli kubwa ikaruka nzima. Mwaka wa 2002 wakampa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia.

Tulia hapo usome tena. Ni nini kilibadilika siku ile? Leza ni ile ile. Bomba ni lile lile. Kilichobadilika ni kitu kilichochanganywa na sampuli kabla haijaingia. Njia ambayo imeenea leo ilitoka kwa Wajerumani wawili, Michael Karas na Franz Hillenkamp, na wao pia ushindi wao ulikuwa kupata kemikali ndogo ya kuchanganya na protini. Ule mlango wa kupima protini kubwa kwa leza ulifunguliwa na uandaaji wa sampuli. Halafu wewe unakuja kwa komenti yangu na emoji ya kucheka, unaniambia watu wa kuandaa sampuli ni "support staff".

Najua kuna anayetayarisha jibu: "Buda, siku hizi kuna roboti za kunyunyiza." Ziko. Zinanyunyiza sawa kuliko mkono, sikatai, na kama una pesa nunua. Lakini ni nani anaiambia roboti joto liwe ngapi, ipite mara ngapi, itembee kasi gani kwa tishu hii na si ile? Na krayostati bado inataka mkono. Hiyo foili kwa nitrojeni bado inataka mkono. Roboti imechukua hatua moja, na ilipoichukua ilifundishwa na mtu aliyeharibu glasi nyingi kabla yake.

Na akili bandia ndio mniskize vizuri, kwa sababu hapa mnadanganywa mchana. Programu inajifunza kutoka kwa tofauti. Sasa chukua tishu za wagonjwa wa saratani, ziandae Jumatatu. Tishu za watu wazima zisizo na ugonjwa, ziandae Alhamisi, chupa ingine ya matriksi, mvua imenyesha, unyevu umebadilika. Peleka zote kwa programu. Itatenganisha makundi mawili vizuri ajabu. Itapata alama za juu. Kumbe imejifunza kutofautisha Jumatatu na Alhamisi! Ama tishu za saratani zilikaa dakika 40 kabla ya kugandishwa kwa sababu upasuaji ulikuwa mrefu, na zile zingine dakika 5. Programu imejifunza kusoma saa ya ukutani, na nyinyi mnaandika "saratani kwisha". Kinga ya huo ujinga ni mtu wa maabara kuchanganya sampuli, kuweka ya mgonjwa na isiyo ya mgonjwa juu ya glasi moja, siku moja, na kuandika dakika. Yule yule mnayesema atafute kazi ingine.

Mtasema hii yote ni ya Ulaya na Marekani, sisi hapa Kenya inatuhusu nini. Inatuhusu sana, pengine zaidi.

Huku kwetu tishu nyingi za wagonjwa hazigandishwi. Zinatiwa kwa formalini halafu zinazikwa ndani ya nta. Ni rahisi, nta inakaa kwa kabati miaka mingi bila stima. Lakini formalini inafunga protini moja kwa nyingine, kama vile umemwaga Super Glue kwa sufuria ya tambi. Leza haiwezi kuzirusha zikiwa zimeshikana hivyo. Ili uzione lazima uondoe nta, uchemshe kipande kwenye maji yenye kemikali ya kusawazisha asidi ili ule ufungwa ulegee, unyunyize tripsini, enzaimu inayokata protini kila inapokuta lisini au aginini, uiache kwenye kijisanduku chenye unyevu nyuzi 37 kwa saa kadhaa, ndipo upake matriksi na upige picha ya vipande. Inawezekana. Inafanywa. Maana yake ni kwamba yale makabati ya nta kwa hospitali zetu ni maktaba. Saratani ya umio inatumaliza kwa huu ukanda wa mashariki mwa Afrika kuliko sehemu nyingi duniani, na majibu mengine pengine yamelala ndani ya hizo nta.

Lakini maktaba inasomeka tu kama vitabu havikuoza kabla ya kuwekwa kwa rafu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa, na nilikuwa nasoma mambo ya maabara. Kabla niache nilifanya atachimenti kwa hospitali moja, siitaji, si ya maana. Ijumaa mchana titi nzima ililetwa kutoka chumba cha upasuaji ndani ya ndoo, formalini imefika nusu. Mwenye zamu alikuwa mmoja, dada mmoja mpole sana, na alikuwa na foleni ya malaria, ya damu, ya kila kitu. Aliniambia tuikate vipande formalini iingie ndani, akaambiwa aache, kazi hiyo ni ya daktari na daktari anakuja Jumatatu. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Ikakatwa Jumanne.

Hesabu na mimi. Formalini inaingia kwa tishu takriban milimita moja kwa saa. Titi nzima, ndoo nusu. Nje ilikuwa imeiva kupita kiasi na katikati ilikuwa imeanza kuoza. Mwongozo wanaotumia Marekani kwa vipimo vya saratani ya titi unasema tishu iingie formalini ndani ya saa moja, ikatwe, na ikae humo saa 6 hadi 72. Si zaidi, si chini. Yule dada alijua. Alikuwa ameniambia kabla mtu mwingine yeyote hajaniambia. Hakuwa na cheo cha kusikizwa, na jina lake halikuandikwa popote. Lakini kulikuwa na mama mahali, amelazwa, anasubiri kuambiwa kama ule uvimbe unakubali dawa fulani ama haukubali, na jibu lake lilikuwa linaharibika kwa ndoo wikendi yote.

Hakuna spektromita itarudisha hiyo titi. Hakuna programu. Hata ukiipeleka Boston kwa ndege ya kifalme.

Na sisi tunapenda mashine, jamani. Mnakumbuka ule mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti, ulioanza 2015? Mashine zikashuka, riboni zikakatwa, picha zikapigwa. Baadaye Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza, na ikatokea kwamba kaunti zingine vifaa vilikuwa vimekaa tu, pengine hakuna stima ya kutosha, pengine hakuna chumba, pengine hakuna mtu wa kuviendesha. Mabilioni yamelala ndani ya maboksi. Huo ugonjwa ndio ule ule wa ile video. Tunaona chuma tunapiga makofi, tunaona mtu na glavu tunamuuliza anafanya nini hapa.

Ndio maana sikubali mtu aniambie hii ni mada ndogo. Kijana wa form four anaona ile video, anaambiwa kazi ya maabara imekwisha, anaenda kufanya kozi ya kitu kingine ambacho pia mwaka ujao wataambiwa kimekwisha. Mkuu wa hospitali anaona ile video, anaomba bajeti ya mashine, anakata nafasi mbili za watu wa maabara ili pesa itoshe. Halafu ndoo inakaa hadi Jumanne. Haya mambo yanashikana.

Kuna mmoja alinijibu jana: "Wewe uliacha chuo, unatufundisha protini?" Kaka, niliacha chuo, sikuacha macho. Kama kuna mahali nimekosea kuhusu Carnoy ama tripsini, leta, nitabandika jibu lako juu kabisa. Lakini usilete cheti. Leza yenyewe haiulizi aliyeandaa tishu ana digrii ngapi, inapiga tu kile kilichowekwa mbele yake.

Na watafiti wenye kuchapisha hizi picha, na nyinyi nina neno. Ukisoma ripoti nyingi, mashine imetajwa jina, modeli na mji wa kiwanda. Leza imetajwa. Programu imetajwa na toleo lake. Dakika kutoka mwilini hadi barafuni? Kimya. Aliyekata? Labda shukrani mstari mmoja huko chini, labda hata hiyo hakuna. Kama dakika zinaweza kubadilisha matokeo, basi dakika ni data, na aliyezihesabu aliifanya hiyo kazi. Muweke kwa orodha ya waandishi. Itakugharimu nini? Mkoma mmoja na jina.

Kwa wenye akaunti za sayansi hapa nchini: ile video nimeiona kwa kurasa saba sasa, zote na mstari ule ule wa kufuta watu kazi. Kama mtaiweka tena, anzeni na mkono. Sekunde kumi tu za mtu akiinua kipande cha maikromita 10 kwa brashi. Nawahakikishia watu watashika pumzi kuliko kwa zile rangi.

Na kwa nyinyi mlio atachimenti sahii, ama mmeajiriwa kwa maabara ya tishu popote, Kisumu, Eldoret, Mombasa, Nairobi: nitumieni video za mikono yenu. Mkikata, mkiosha, mkiandika saa kwa kibandiko. Msionyeshe jina la mgonjwa, msionyeshe namba yake, na muombe ruhusa kwanza kwa mkubwa wenu. Nitaziweka hapa kila Ijumaa, na majina yenu kwa herufi kubwa. Ya kwanza tayari iko nayo. Ni yule dada wa ndoo, siku hizi yuko mahali pengine, amekubali uso usionekane, na anakata ini kwa utulivu mpaka nilisahau kulaiki.